Mazoezi na Saratani ya Utumbo Mpana: Kilichobainika kwa Panya na Maana Yake kwa Wananchi wa Ngara

Wilaya ya Ngara, iliyoko magharibi mwa Mkoa wa Kagera katika mpaka wa Tanzania na nchi za Rwanda na Burundi, ni wilaya ya vilima na mabonde. Kwa wakazi wake wengi, siku ya kawaida ni siku ya kushughulisha mwili: kupanda kilima kwenda shambani, kupalilia migomba na maharage, kuteka maji bondeni na kubeba mkungu wa ndizi hadi gulioni. Kwa hiyo, kampeni za afya zinapowahimiza wananchi kufanya mazoezi, si ajabu mkulima akauliza: anayeshika jembe tangu alfajiri anahitaji mazoezi gani tena?

Swali hilo ni la msingi, na jibu lake linagusa ugonjwa ambao wananchi wengi hawauhusishi kabisa na mazoezi, yaani saratani ya utumbo mpana. Sehemu kubwa ya maarifa yaliyopo kuhusu uhusiano kati ya mazoezi na saratani hiyo imetokana na majaribio yaliyofanywa kwa panya wa maabara. Kuyaelewa majaribio hayo, pamoja na mipaka yake, kunamsaidia mwananchi kujua lipi alitegemee na lipi asilitegemee.

Ugonjwa unaoanza kimyakimya

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Humo maji na chumvichumvi hufyonzwa, na mabaki ya chakula hugeuka kuwa kinyesi. Ukuta wake wa ndani umefunikwa na seli zinazokufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache. Katika kuzaliana huko, makosa hutokea kwenye jeni za baadhi ya seli. Mengi kati ya makosa hayo hurekebishwa na mwili wenyewe, lakini machache hubaki na kusababisha kinyama kidogo kuota kwenye ukuta wa utumbo. Kinyama hicho huitwa polipu.

Polipu nyingi hazina madhara. Chache huendelea kukua na, kwa kawaida baada ya miaka 10 au zaidi, hugeuka kuwa saratani. Katika muda huo mrefu mgonjwa anaweza asihisi chochote. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana au ya njia ya haja kubwa, na zaidi ya watu 900,000 walifariki dunia kutokana nayo. Kwa idadi ya vifo, saratani hiyo inatanguliwa na saratani ya mapafu pekee.

Kutoka Mulago hadi maabara

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya utafiti wa ugonjwa huu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland ambaye jina lake linafahamika kupitia limfoma ya Burkitt inayowapata watoto, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1971, alieleza kuwa saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra miongoni mwa Waafrika wa vijijini ikilinganishwa na watu wa Ulaya na Marekani. Alihusisha tofauti hiyo na chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, ambazo wataalamu wa lishe nchini huziita makapimlo.

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, lakini iliacha fundo ambalo halikufunguka. Mtu wa kijijini aliyekula maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa ndiye huyohuyo aliyetembea kwa miguu, aliyelima kwa jembe la mkono na aliyekuwa na mwili mwembamba. Ikiwa alipona ugonjwa huo, je, alilindwa na chakula chake, kazi yake au vyote viwili? Kwa kuwaangalia watu pekee, haikuwa rahisi kutenganisha mambo hayo.

Fundo hilohilo lilijitokeza mwaka 1984, wakati watafiti wa Los Angeles nchini Marekani walipolinganisha wanaume kwa aina ya kazi zao. Waliofanya kazi za kukaa walionekana kuwa na hatari ya kupata saratani ya utumbo mpana iliyo angalau mara 1.6 ya wale waliofanya kazi za nguvu. Hata hivyo, karani na mchukuzi wa mizigo hutofautiana kwa mengi zaidi ya kazi zao: kipato, chakula, uvutaji wa sigara, hata mara wanazokwenda hospitali. Ilihitajika njia ya kulitenga jambo moja na kuliangalia peke yake.

Jaribio linavyofanyika

Hapo ndipo panya anapoingia. Mtafiti huchukua panya wa ukoo mmoja na umri mmoja, akawaweka katika mazingira yanayofanana na kuwapa chakula kilekile. Kisha huwadunga kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya utumbo mpana, kama vile ile iitwayo azoksimethani. Baada ya hapo kundi moja hupewa nafasi ya kukimbia na lingine huachwa likae tu. Miezi kadhaa baadaye, utumbo wa kila panya huchunguzwa na idadi ya uvimbe kuhesabiwa. Kwa kuwa kilichotofautiana ni mazoezi pekee, tofauti ikionekana kati ya makundi hayo inaweza kuhusishwa na mazoezi.

Jaribio la namna hiyo haliwezi kufanywa kwa binadamu, kwa kuwa hakuna maadili ya utafiti yanayoruhusu mtu kudungwa sumu ya saratani. Aidha, safari ambayo kwa binadamu huchukua zaidi ya muongo mmoja, kwa panya hukamilika ndani ya miezi.

Watafiti hutumia njia mbili za kuwafanyisha panya mazoezi. Ya kwanza ni gurudumu linalowekwa ndani ya kizimba, ambamo panya huingia na kukimbia kwa hiari yake. Ya pili ni mkanda unaozunguka kwa mashine, ambao humlazimu kukimbia kwa kasi na muda uliopangwa na mtafiti. Njia ya kwanza haimpi mnyama msongo, lakini mtafiti hawezi kuamua kiasi cha mazoezi. Njia ya pili hupima kiasi kwa usahihi, lakini kulazimishwa kwenyewe kunaweza kuuathiri mwili wa mnyama.

Kuna pia majaribio yasiyotumia kemikali. Mwaka 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani walieleza kuhusu panya wadogo waliozaliwa na kasoro iliyowafanya waote polipu nyingi tumboni. Baadaye ilibainika kuwa kasoro hiyo iko katika jeni ya APC, jeni ambayo pia huwa na hitilafu katika saratani nyingi za utumbo mpana za binadamu. Tangu wakati huo panya hao wametumika sana katika tafiti za mazoezi.

Matokeo yanasemaje?

Mwaka 1987, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo panya waliodungwa kemikali ya saratani waligawanywa katika makundi mawili. Waliokuwa na gurudumu la kukimbilia walipata uvimbe wa utumbo mpana kwa kiwango kidogo kuliko waliokaa bila gurudumu. Mwaka uliofuata, Bandaru Reddy na wenzake katika Jimbo la New York walitoa matokeo ya jaribio lililotumia azoksimethani: idadi ya panya waliopata saratani ya utumbo mpana ilikuwa ndogo miongoni mwa waliokimbia kwa hiari.

Si majaribio yote yaliyotoa jibu lililo wazi namna hiyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, panya wenye kasoro ya jeni ya APC waligawanywa kwa jinsi na kwa aina ya mazoezi. Madume waliokimbia kwenye mkanda walipungukiwa polipu, ilhali kwa majike hapakuwa na nafuu kama hiyo. Gurudumu la hiari nalo halikuleta nafuu iliyoonekana kwenye mkanda. Utafiti mwingine wa mwaka 2000 uliotumia panya wa aina hiyo haukuonesha tofauti kubwa kati ya waliofanya mazoezi na wasiofanya.

Kwa ujumla, matokeo ya majaribio yanaelekea upande mmoja: mazoezi ya mara kwa mara hupunguza uwezekano wa uvimbe kuota au hupunguza idadi yake. Hata hivyo, ukubwa wa nafuu hiyo hutegemea aina ya mazoezi, nguvu yake, jinsi ya mnyama na namna ugonjwa ulivyoanzishwa. Hii ndiyo sababu wanasayansi husema kuwa mazoezi hupunguza hatari ya ugonjwa. Hawasemi kuwa yanauzuia.

Msuli unavyozungumza na utumbo

Majaribio ya wanyama yamesaidia pia kujibu swali la namna mguu unaokimbia unavyoweza kuulinda utumbo.

Maelezo ya kwanza yanahusu homoni ya insulini. Mtu asiyeushughulisha mwili, hasa akiwa na uzito uliozidi, huhitaji insulini nyingi zaidi ili kudhibiti sukari katika damu. Insulini hiyo na homoni zinazoshabihiana nayo huchochea seli kugawanyika kwa kasi, zikiwemo seli zenye kasoro. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari moja kwa moja, na hivyo mahitaji ya insulini hupungua.

Maelezo ya pili yanahusu inflamesheni, yaani hali ya tishu za mwili kuwaka na kuvimba kwa muda mrefu, hata pasipo kidonda kinachoonekana. Hali hiyo hurutubisha mazingira ya saratani kukua. Mazoezi ya wastani yakifanywa mara kwa mara huituliza, na wakati huohuo huongeza mzunguko wa seli za kinga katika damu.

Maelezo ya tatu yalitolewa mwaka 2013 na watafiti kutoka Kyoto nchini Japani. Walibaini kuwa misuli ya panya wanaofanya mazoezi hutoa protini iitwayo SPARC, ambayo husafiri kwa damu hadi kwenye utumbo mpana na kuzifanya seli zenye kasoro kujiua zenyewe. Ili kuthibitisha hilo, walitumia panya waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza protini hiyo. Panya hao walifanya mazoezi kama wenzao, lakini nafuu haikuonekana. Watafiti hao walipima pia damu ya watu walioendesha baiskeli ya mazoezi na kukuta kiwango cha protini hiyo kimeongezeka.

Panya si binadamu

Pamoja na faida zake, majaribio haya yana mipaka ambayo mwananchi anapaswa kuijua. Panya hudungwa kemikali kwa wingi ndani ya muda mfupi, ilhali binadamu hupata madhara kidogokidogo kwa miaka mingi. Panya wenye kasoro ya APC huota polipu nyingi zaidi katika utumbo mwembamba kuliko katika utumbo mpana, tofauti na ilivyo kwa binadamu. Panya anaweza kukimbia kilomita kadhaa kwa usiku mmoja, kiasi ambacho hakiwezi kugeuzwa moja kwa moja kuwa dakika za mazoezi ya mtu. Hivyo, jaribio la panya huonesha kuwa jambo fulani linawezekana na namna linavyotokea. Kiasi cha mazoezi kinachomfaa binadamu hutafutwa kwa binadamu wenyewe.

Ushahidi huo upo. Mwaka 2002, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilihitimisha kuwa kuna ushahidi wa kutosha kwamba kuushughulisha mwili hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2016, uchambuzi wa taarifa za watu milioni 1.44 wa Marekani na Ulaya ulionesha kuwa walioushughulisha mwili zaidi katika muda wao wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya saratani hiyo kwa asilimia 16, wakilinganishwa na walioushughulisha kidogo.

Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio la kimataifa lililohusisha wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kupewa dawa. Nusu yao walifuata programu ya mazoezi yenye usimamizi kwa miaka mitatu, na wengine walipewa vitabu vya elimu ya afya. Baada ya miaka minane, waliokuwa hai katika kundi la mazoezi walikuwa asilimia 90.3, ikilinganishwa na asilimia 83.2 katika kundi la pili. Kile kilichoanza kwenye gurudumu la panya sasa kimeingia katika huduma ya wagonjwa.

Jembe nalo linahesabika

Je, mkulima wa Ngara anahitaji mazoezi gani tena? Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima aushughulishe mwili kwa kiwango cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au kwa nguvu kubwa kwa dakika 75 hadi 150. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Mwongozo huo hauzungumzii michezo na mbio pekee. Kulima, kutembea, kuendesha baiskeli, kubeba mizigo na kazi za nyumbani vyote vinahesabika. Kipimo chepesi cha kiwango cha wastani ni kwamba mtu anaweza kuzungumza, lakini pumzi haimtoshi kuimba.

Kwa kipimo hicho, mkulima anayelima kwa jembe la mkono siku nyingi za juma ameshatimiza kiwango hicho, na mara nyingi amekivuka. Anachohitaji zaidi ni kupumzika vya kutosha, kula vizuri na kuendelea kujishughulisha hata baada ya msimu wa kilimo kupita.

Walio katika hatari ni wale ambao maisha yao yamebadilika bila wao kutambua. Mtumishi wa ofisini hukaa tangu asubuhi hadi jioni. Mfanyabiashara huketi dukani siku nzima, na dereva wa bodaboda huzunguka vilima vyote vya wilaya bila miguu yake kufanya kazi. Ndivyo ilivyo pia kwa madereva wa malori wanaopita katika barabara ya Lusahunga, wilayani Biharamulo, kwenda vituo vya mpakani vya Rusumo na Kabanga; hukaa kwenye usukani kwa saa nyingi, kisha hukaa tena wakisubiri nyaraka. Hali hii ndiyo wataalamu wa afya nchini huiita tabia bwete. Kwa makundi haya, kushuka na kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku, siku tano za juma, kunatosha kufikia dakika 150.

Serikali imekuwa ikihimiza jambo hili kwa muda mrefu. Mwezi Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alielekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa mazoezi ya viungo nchini kote. Mwezi Novemba 2019 ulizinduliwa Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, ambao saratani ni sehemu yake.

Nguvu za mwili zisiwe sababu ya kuchelewa

Lipo kosa ambalo majaribio ya panya yanasaidia kulisahihisha. Katika majaribio hayo, hata miongoni mwa panya waliokimbia walikuwepo waliopata saratani. Vivyo hivyo, mkulima mwenye nguvu anaweza kuugua. Umri mkubwa, historia ya ugonjwa katika familia, uvutaji wa tumbaku, unywaji wa pombe, iwe ya kiwandani au ya kienyeji, uzito uliozidi na ulaji wa nyama zilizosindikwa vyote huongeza hatari.

Damu katika kinyesi ndiyo dalili inayopuuzwa zaidi, kwa kuwa inafanana na ya magonjwa yaliyozoeleka, kama kuhara damu, amiba, kichocho cha tumbo na bawasiri. Mwananchi anaponunua dawa katika duka la dawa muhimu bila kupimwa, na damu ikakoma kwa siku chache, anaweza kudhani amepona huku uvimbe ukiendelea kukua. Dalili nyingine ni mabadiliko ya choo yanayodumu kwa wiki kadhaa, kinyesi kuwa chembamba kuliko kawaida, maumivu ya tumbo yasiyoisha, kupungua uzito bila sababu, na uchovu unaotokana na upungufu wa damu.

Mwenye dalili hizi anashauriwa kwenda mapema katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako atapimwa na, ikibidi, kupewa rufaa. Wilayani Ngara zipo pia hospitali za Murgwanza na Rulenge. Kwa Kanda ya Ziwa, wagonjwa wanaohitaji uchunguzi wa kibingwa na matibabu ya saratani hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza, na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam hutoa huduma hizo kitaifa. Uchunguzi kwa kamera inayopitishwa ndani ya utumbo humwezesha daktari kuiona polipu na kuiondoa kabla haijageuka kuwa saratani.

Kwa ushauri wa afya, wananchi wanaweza kupiga simu bila malipo katika kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya kupitia namba 199.